Picha Inapomrudia Mwenye Uso: Maonyesho na Mpiga Picha wa Uriri

Mji wa Uriri, katika kaunti ya Migori, umekaa kando ya barabara kuu ya A1, kati ya Awendo na Migori, na jina lake ndilo pia jina la eneo bunge ambalo wadi zake zote tano zinabeba jina la Kanyamkago. Ni nchi ya miwa, mahindi na tumbaku, ambako trekta zinazovuta miwa kuelekea kiwanda cha sukari cha Awendo hutumia barabara moja na bodaboda, malori ya mpakani Isebania na wanafunzi wanaokwenda shule kwa miguu. Mpiga picha anayetaka kuhifadhi historia ya watu wa hapa kwa kamera hana haja ya kutafuta mada, kwa kuwa mada zimemzunguka. Anachokosa ni mahali pa kuzitundika picha zake na, jambo lililo zito zaidi, mahali pa kujifunza namna picha zinavyosomwa na watu zikishatundikwa. Nyumba za sanaa, yaani majengo yaliyotengwa ili kazi za wasanii zionyeshwe na kutazamwa, ziko Nairobi, safari ya zaidi ya kilomita 300, na wengi huamini kwamba anayeishi mbali nazo amenyimwa shule. Sura hii inashikilia rai tofauti: kwamba maonyesho yenye faida kubwa kwa mpiga picha wa namna hii ni yale ambayo watazamaji wake wanawafahamu watu waliomo pichani, na kwamba Nyanza, eneo la magharibi mwa Kenya uliko Uriri, imewahi kupata onyesho la aina hiyo ambalo uzito wake unayapita mengi ya mijini.

Upigaji picha wa hali halisi, ambao ndio unaozungumziwa hapa, ni kazi ya kuyafuatilia maisha ya watu kama wanavyoyaishi, mara nyingi kwa miezi au miaka, ili picha nyingi zikikaa pamoja zieleze jambo ambalo picha moja isingeweza kulieleza. Unatofautiana na upigaji picha wa studio, ambako mteja hujipanga mbele ya pazia na kulipia namna anavyotaka kuonekana, na unatofautiana pia na picha za habari, ambazo hutakiwa leo na kusahauliwa kesho kutwa. Kwa kuwa nguvu ya kazi hii imo katika mfululizo, mpiga picha wake analihitaji onyesho kuliko mwenzake yeyote, maana ni katika onyesho ndipo picha hupangwa, hukabiliana, na kuulizwa maswali na macho ya watu wengi kwa wakati mmoja. Anayezichagua, kuzipanga na kuziandikia maelezo huitwa mratibu wa maonyesho, na kazi yake ina athari sawa na ya aliyebonyeza kamera.

Onyesho la kwanza analoliona mtoto wa Uriri liko sebuleni. Katika nyumba nyingi za kusini mwa Nyanza picha za ukoo hutundikwa juu sana, karibu na mabati, zikiwa zimeinama mbele kidogo kwa uzi uliofungwa nyuma ya fremu, ili aliyeketi kwenye kochi azione bila kusimama. Babu aliyevaa koti huwa na nafasi yake, na picha ya harusi, ya mahafali au ya mtoto aliyekwenda ng'ambo hupangwa kwa namna ambayo mwenye nyumba anaweza kuieleza akiulizwa. Mgeni anapopewa chai huelezwa huyu ni nani, ni mwana wa nani na aliolewa wapi. Mpangilio wa ukuta huo unaongozwa na undugu, na maelezo ya picha hayakuandikwa popote kwa sababu yamo kinywani mwa mwenyeji. Vivyo hivyo mazishini: picha ya marehemu iliyokuzwa huwekwa mezani kando ya jeneza, na kijitabu cha ratiba ya mazishi humfuata tangu sare za shule hadi uzeeni, nao waombolezaji hukifungua ukurasa kwa ukurasa wakirekebishana miaka na majina. Msomi wa sanaa anayepita haraka hataliita jambo hili onyesho, na hapo atakuwa amekosea, kwa sababu kila kinachohitajika kimo: uteuzi, mfuatano, hadhira, na mjadala.

Ukivuka daraja la Mbita kuingia kisiwa cha Rusinga, katika kaunti jirani ya Homa Bay, ukuta huo wa sebuleni unapanuka na kuwa wa taifa. Kaburi la Tom Mboya, mwanasiasa na waziri wa Kenya, limejengewa jengo lenye umbo la risasi, na ndani yake zimetunzwa picha na vitu vyake. Mboya alipigwa risasi na kuuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, na Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyeanzisha kampuni ya Camerapix mwaka 1963 jijini Dar es Salaam, ndiye aliyenasa kwa kamera yake dakika zile za mshtuko, kazi ambayo ilionekana duniani na kumpa heshima kubwa miongoni mwa wapiga picha wa televisheni. Dunia ilipata tukio. Rusinga imebaki na mtu, naye ametundikwa ukutani hatua chache kutoka mahali alipozikwa, akitazamwa na watu wanaoujua ukoo wake. Mpiga picha kijana wa Uriri akizitafakari namna hizo mbili za kumwonyesha mtu mmoja, atakuwa amelikabili swali kuu la kazi yake: picha hii inapigwa ili itazamwe na nani?

Swali hilo halikuwasumbua sana wageni wa kwanza waliofika Nyanza na kamera. Charles William Hobley alikuwa ofisa wa utawala wa Kiingereza aliyefanya kazi magharibi mwa Kenya mwanzoni kabisa mwa ukoloni; Edward Evans-Pritchard alikuwa mwanaanthropolojia, yaani mtaalamu wa mila na miundo ya jamii, aliyekaa kwa Waluo wiki chache tu mwaka 1936. Nia zao hazikufanana, lakini picha zao ziliishia mahali pamoja, Pitt Rivers Museum, jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Oxford. Huko watu waliopigwa picha waligeuka kuwa mifano ya mavazi, ya silaha, ya mapambo, ya ujenzi wa nyumba. Katika kumbukumbu nyingi za enzi ile waliitwa Kavirondo, jina ambalo serikali ya kikoloni iliwabandika kwa jumla wakazi wa pande za ghuba ya Ziwa Victoria, Waluo na Waluhya pamoja, ingawa wenyewe hawakujiita hivyo.

Mwaka 2007 picha hizo zilirudi Nyanza. Onyesho liliitwa Paro Manene, maneno ya Kiluo yenye maana ya kuyawaza mambo ya kale, na waliolisimamia ni Gilbert Oteyo pamoja na Christopher Morton wa jumba hilo la Oxford. Jambo linalofaa kuzingatiwa ni mahali palipochaguliwa. Picha hazikufungiwa katika ukumbi wa mjini. Zilipelekwa vijijini, zikatazamwa katika maboma, yaani katika dala, ambayo kwa Mluo si makazi tu bali ni ramani ya ukoo, yenye lango, nyumba ya mke wa kwanza, na nafasi ya kila mwana. Kuiweka picha ya mwaka 1936 ndani ya dala ni kuirudisha katika mfumo ule ule wa undugu ambao ukuta wa sebule unaufuata. Mtu ambaye kwa miongo saba alikuwa mfano wa vazi sasa anaweza kuulizwa jambo ambalo mtazamaji wa Oxford asingeweza kuliuliza: huyu ni wa nani?

Thamani ya onyesho hilo kwa mpiga picha wa leo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, na inafaa kulikalia kidogo. Kwanza linaonyesha kwamba picha huwa haijakamilika siku inapopigwa. Evans-Pritchard aliweza kuamua asimame wapi na abonyeze lini, lakini hakuweza kuamua picha zake zingesema nini mbele ya wajukuu wa waliosimama mbele yake, ambao hawatafuti mila ndani ya picha bali wanatafuta sura, kipaji cha uso kinachofanana na cha shangazi, kigoda kilichorithiwa, au mti ambao kisiki chake bado kipo. Mtazamaji wa namna hiyo huanzia pembeni mwa picha, palepale ambapo mpiga picha hakuweka akili yake. Ua wa minyaa, ghala la nafaka, mlango uliochongwa, mtoto aliyeingia kwa bahati upande wa kushoto: hivyo ndivyo vinavyomfanya mzee anyooshe kidole. Funzo la kiufundi linalotokana na hilo ni kubwa, na wapiga picha wengi wa sasa wanalipuuza. Mtindo wa kubana uso peke yake na kuyafifisha mazingira yote kwa lenzi ya bei kubwa unapendeza kwenye simu, lakini unawanyima wajukuu ushahidi. Mpiga picha wa Uriri anayemwandama mkata miwa afanye vyema kurudi nyuma hatua tatu, ili panga, mashina yaliyoungua, trela lililojaa nusu na jirani aliyesimama barabarani vyote viingie.

Funzo la pili linahusu maandishi. Jumba la makumbusho linaweza kuhifadhi picha kwa uangalifu mkubwa, likadhibiti joto na unyevu ili karatasi isiharibike, na bado likawa limempoteza mtu aliyemo, kwa sababu hakuna aliyeliandika jina lake siku ile. Upotevu huo haurekebishwi na mashine yoyote. Ndiyo maana maelezo ya picha, yale maneno machache yanayoandikwa chini yake, hayapaswi kuhesabiwa kuwa kazi ya baadaye. Kwa mpiga picha wa hali halisi ni nusu ya picha.

Onyesho jingine la Kenya lilichukua njia ya barabara. Vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu 1,133 kwa hesabu ya tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki, na kuwaondoa makwao mamia ya maelfu. Kituo cha sanaa cha GoDown, kilichoko eneo la viwanda la Nairobi, kilizionyesha picha za mgogoro huo mwaka 2008 kwa jina la Kenya Burning. Mwaka uliofuata Boniface Mwangi, aliyekuwa mpiga picha wa gazeti na aliyeziona vurugu hizo kwa macho yake, alianzisha Picha Mtaani, onyesho la kusafiri ambalo lilizisimamisha picha kubwa katika viwanja na njia za miji mbalimbali ili mpita njia azikute bila kutafuta na bila kulipa kiingilio. Ukumbi una adabu zake: anayeingia ameamua kuingia, anajua atasimama, atanyamaza, atasogea. Mtaani hakuna maandalizi hayo. Mchuuzi aliyebeba mzigo kichwani anageuza shingo na kukutana na jirani yake, au na jambo ambalo yeye mwenyewe alilitenda. Vijana waliotazama walialikwa kuahidi kwa maandishi kudumisha amani, na kwa hiyo onyesho lilimtaka mtazamaji ajibu. Kuna wanaosema picha za maiti na nyumba zinazoungua hazikufaa kupelekwa mbele ya watu ambao majeraha yao hayajapona, na hoja hiyo haina budi kuheshimiwa; lakini kuziacha zitazamwe na wageni waliolipa tiketi ya ndege, ilhali waliopatwa na mkasa hawazioni, lingekuwa kosa kubwa zaidi.

Kampala ilipata mtihani wa namna nyingine mwaka 2019, wakati Jumba la Makumbusho la Uganda lilipofungua onyesho la picha za serikali ya Idi Amin. Takriban negativu 70,000, yaani vipande vya filamu ambavyo picha husafishwa kutoka kwavyo, zilikuwa zimekaa katika shirika la utangazaji la taifa kwa miaka mingi, na Nelson Abiti, Derek Peterson na Richard Vokes walikuwa miongoni mwa walioziandalia maonyesho. Ugumu wao haukuwa uhaba wa picha bali ushahidi uliokosekana ndani yake. Wapiga picha wa serikali walipiga sherehe, mikutano, wageni na hotuba; mateso hayakupigwa. Mtu akizitundika picha hizo bila kusema neno, ukuta wote utamsifu mtawala. Hapa ndipo kazi ya mratibu inapoonekana wazi, kwa maana analazimika kukifanya kisichoonekana kisikike kupitia mpangilio, maandishi na sauti za walionusurika. Mpiga picha wa kaunti anayeitwa kila wiki kupiga uzinduzi wa visima na ugawaji wa hundi angefaidika sana kulitafakari onyesho hilo, kwa sababu hazina yake ya picha, ikifunguliwa baada ya miaka 40, itaonyesha nchi ambayo viongozi walitabasamu kila siku.

Maonyesho makubwa ya dunia yana nafasi yake, ingawa si ile ya kwanza. The Family of Man, lililofunguliwa New York mwaka 1955 chini ya uratibu wa Edward Steichen likiwa na picha 503 kutoka nchi 68, liliwafundisha wapiga picha wa kizazi kizima kwamba picha zinaweza kupangwa kama masimulizi, tangu mapenzi na uzazi hadi kazi na kifo. Mwanafikra wa Kifaransa Roland Barthes alilikosoa kwa kusema kwamba, kwa kuwafanya binadamu wote kuwa familia moja, liliifuta historia: kazi ya mfanyakazi wa koloni na kazi ya mfanyakazi wa Magharibi zilionekana kuwa jambo moja, kazi tu. Ukosoaji huo ungali hai, na mtu yeyote aliyewahi kuona picha ya mkulima wa Nyanza ikitumiwa kuwakilisha "Afrika" anaujua bila kumsoma Barthes. Maonyesho ya Bamako yaliyoanza mwaka 1994, na tamasha la picha la Addis Ababa lililoanzishwa na Aida Muluneh mwaka 2010, yamejaribu kulirekebisha hilo kwa kuwapa Waafrika wenyewe uamuzi wa nini kitundikwe.

Katika habari hizi zote hakuna inayogusa kama ile ya mpiga picha Priya Ramrakha. Alizaliwa Kenya mwaka 1935, akapiga picha za miaka ya kupigania uhuru, akafanya kazi na majarida ya Time na Life, na akauawa tarehe 2 Oktoba 1968 alipokuwa akipiga picha za vita vya Biafra nchini Nigeria. Hazina yake ilikuja kupatikana baada ya miongo minne katika gereji jijini Nairobi, na jamaa yake, Shravan Vidyarthi, ndiye aliyeifanyia kazi hadi ikawa filamu, maonyesho na kitabu. Bila jamaa huyo, macho ya mmoja wa wapiga picha hodari wa Afrika Mashariki yangeoza kwenye maboksi, na hakuna nyumba ya sanaa ambayo ingejua imekosa nini.

Uriri pamejaa maboksi ya namna hiyo. Studio za masoko zilizopiga picha za vitambulisho, za ubatizo na za mashindano ya shule zimehifadhi, au zimetupa, sura za watu ambao hawakupigwa picha mahali pengine popote. Mafundi hao hawajawahi kuitwa wasanii, lakini mpiga picha wa hali halisi anayeanza kazi leo angeanzia kwao kabla ya kuanzia kwenye vitabu vya Paris. Angekwenda pia Thimlich Ohinga, kwenye ngome za mawe zilizoko kaunti hiyohiyo ya Migori, ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Kuta zake, zinazodhaniwa kujengwa karne ya 16, zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5 na zimesimama bila udongo wala saruji, jiwe likibebwa na jiwe. Picha nyingi za ngome hizo hazina mtu hata mmoja, na pengo hilo ni kazi inayosubiri mtu wa kuifanya, kwa kuwa vijiji vilivyozizunguka vina watu wanaozisimulia.

Kulifanya onyesho Uriri hakuhitaji jengo. Siku ya soko ina hadhira tayari. Picha zikichapishwa kwenye turubai la mabango ya matangazo hustahimili jua na mvua ya alasiri kuliko karatasi ya picha. Kamba ya katani ikifungwa kati ya miti miwili huzibeba. Na zikiteremshwa hadi usawa wa kifua, watoto na wazee waliokaa wataziona. Maelezo yaandikwe Kiluo na Kiswahili, kwa herufi kubwa, na kando yake liwekwe daftari lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi, ili anayemtambua mtu aandike, na anayepinga maelezo naye aandike. Ruhusa iombwe kwa kila aliye hai, na kwa familia ya kila aliyefariki. Mwishoni picha zisirudishwe kwenye begi la mpiga picha. Kila moja ibaki kwa mwenye uso, na nakala pamoja na daftari ndivyo viende na mpiga picha, Nairobi au popote.

Msomaji aliye na picha ya zamani nyumbani, iwe Kanyamkago, Rusinga au ng'ambo, anaombwa aitoe kwenye fremu yake wiki hii, wakati yule mzee anayewajua waliomo angali hai, na aandike nyuma yake kwa penseli laini, asikandamize: majina yote kuanzia kushoto, kijiji, mwaka, na jina la aliyepiga.